Kiingereza cha Kuchukulia Maiti

Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani yoyote. Nimehakikisha mwenyewe. Nilikwenda kuitafuta kwenye ramani ya ofisini kwetu nikakuta mahali pake pamebandikwa picha ya Mtukufu Rais, tena picha kubwa, imewafunika na majirani wawili. Kwa hiyo msomaji akiona humu jambo linalofanana na analolijua, basi kajionea mwenyewe, mimi simo.

Ni nchi ya amani kupita kiasi. Tangu tupate uhuru hakuna raia aliyewahi kutendewa jambo baya na mtu mwingine. Si kwamba mabaya hayatokei. Yanatokea, ila kila anayepatwa nayo huwa amejitendea. Wafungwa wetu walijikamata. Nyumba za watu wa bondeni zilijibomoa asubuhi moja, na yale matingatinga yaliyoonekana pale yalikuwa yanapita tu. Kura hujihesabu, na Mtukufu Rais hujichagua, ingawa kwa unyenyekevu wake kila mara hujinyima asilimia mbili.

"Ndugu wananchi," Waziri wa Maelezo husema kila sikukuu ya uhuru, yeye akiwa chini ya turubai na sisi tukiwa juani, "kwenye mataifa mengine raia husubiri kufanyiwa kila kitu. Sisi tumewalea wananchi wetu katika kujitegemea, kuanzia kulima hadi kufa!"

Watu hupiga makofi sana. Wasiopiga hujiumiza njiani wakirudi nyumbani.

Mimi naitwa Malale, ni mwalimu wa Kiingereza. Nilifundisha sekondari miaka ishirini na miwili, na ningeendelea hadi kustaafu kama si barua moja. Jeshi la Utulivu lilikuwa limepeleka kwa nchi wahisani ripoti ya kijana aliyefia mahabusu, na karani aliyeiandika akaandika kwamba marehemu alijiua "hisself". Wahisani wakajibu kurasa nne. Kuhusu kijana hawakuuliza kitu. Waliuliza kuhusu "hisself". Walisema hilo si neno, neno ni "himself", yaani yeye mwenyewe, na wakaeleza wasiwasi wao mkubwa juu ya kiwango cha elimu nchini.

Serikali iliona aibu ambayo haijawahi kuiona. Baraza la Mawaziri lilikaa siku mbili mfululizo, likaletewa chakula humo humo. Ikatoka Sheria ya Maelezo ya Mwisho: maiti yeyote aliyetoka mikononi mwa Jeshi la Utulivu hatatolewa mochwari mpaka ndugu yake wa karibu aandike kwa mkono wake mwenyewe, kwa Kiingereza kisicho na kosa, namna marehemu alivyojitendea. Ndugu wakishindwa kwa siku tisini, maiti hujizika. Hujizika kwenye uwanja ulio nyuma ya kiwanda cha matofali, bila jina, na hakuna anayeruhusiwa kwenda kuangalia wanavyofanya.

Likafunguliwa darasa katika ua wa mochwari kuu, nikahamishiwa huko. Barua yangu ya uhamisho ilisema nimejiomba.

*

Darasa lilikuwa zuri, siwezi kulisema vibaya. Madawati mapya, ubao mpya, na chaki ambazo sekondari hatukuwahi kuziona. Kasoro ilikuwa ukuta wa nyuma. Upande wa pili wa ukuta huo yalikuwapo majokofu, na mlio wake haukukatika. Wanafunzi walipenda kukaa viti vya nyuma. Mwanzoni nilidhani ni uvivu, nikawafokea. Baadaye niliwaona wakiegemeza vichwa ukutani, nikaacha kufoka.

Tulikuwa na sura moja tu ya kitabu. Nilianza nao pole pole, na mambo ya kila siku. Ninajiosha. Unajitazama kwenye kioo. Amejikata na kisu akimenya muhogo. Niliwaeleza kwamba kwa Kiingereza yule anayetenda na yule anayetendewa wakiwa mtu mmoja, kuna neno la kuonyesha hivyo, na neno hilo lazima limfuate mwenyewe: mwanamume lake, mwanamke lake, wengi lao. Wanawake wenye umri wa mama yangu waliandika na kufuta, wakaandika tena, ndimi zao zikichungulia pembeni mwa midomo. Sijawahi kuwa na darasa lenye bidii vile. Hakuna aliyechelewa, hakuna aliyesinzia. Nilikuwa napiga kelele miaka ishirini nikitafuta wanafunzi wa aina hiyo, nilipopewa nikatamani wasingekuja.

Mitihani ilisahihishwa na Mheshimiwa Tungaraza, Mkaguzi Mkuu wa Maelezo. Tungaraza nilimjua tangu tukichunga mbuzi pamoja, na alikuwa fundi wa matusi kwa lugha yetu kuliko mtoto yeyote wa kijijini. Lakini afisa wa serikali akifika daraja la nne hula kiapo cha Kusahau. Siku hiyo huvaa suti, huinua mkono wa kulia, na kuanzia hapo lugha ya nchi haielewi tena. Jambo lisilosemwa kwa Kiingereza mbele yake linakuwa halijasemwa. Tungaraza alisahau mchana mmoja tu, akapewa na cheti. Mama yake alipougua, alimwomba maji ya kunywa, na mkalimani alikuwa likizo. Tungaraza alikaa kando ya kitanda akimpigia simu mkalimani hadi bibi wa watu akanyamaza. Msibani nilimpa pole kwa Kiingereza, akanishukuru sana.

Alikuwa mkaguzi makini. Mzee Maganga, aliyekuwa na binti yake mle ndani, alijichanganya akaandika kwamba binti alijizamisha "themselves", yaani kwa wingi. Tungaraza akamwangusha mara moja.

"Marehemu ni mmoja," aliniambia, akigonga karatasi kwa kalamu nyekundu. "Mwalimu, wingi unaweza kuleta maswali."

*

Mama Mihayo aliingia darasani siku ya sitini na moja. Alikuwa amepoteza siku zote hizo akizunguka kwenye ofisi, kila ofisi ikimwambia ofisi inayohusika ni ile aliyotoka. Alikuja na daftari la mraba lililobaki kwa wajukuu, na peni iliyofungwa uzi shingoni.

"Shikamoo mama," nikamwambia.

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye unayefundisha Kiingereza cha kuchukulia maiti?"

Jina rasmi la somo lilikuwa refu zaidi, lakini nikasema ndiye.

Mihayo alikuwa mwanawe wa mwisho, fundi wa kuchomelea mageti. Mkutano wa hadhara ulipofanyika kijijini kwao, alisimama akauliza kwa nini bomba la maji la kijiji limepindishwa kuelekea shambani kwa Mkuu wa Wilaya. Aliuliza kwa adabu, kofia mkononi. Mkuu akamjibu kwamba bomba limejipindisha. Watu wakacheka, na kucheka kule ndiko kulikomponza. Walimchukua Jumanne. Ijumaa alikuwa mochwari. Ripoti ya Jeshi la Utulivu ilisema kwamba kijana alijifunga mikono kwa nyuma, kisha akajipiga mgongoni kwa kitu kizito mara kumi na moja, kisha akajifungia chumbani kwa kufuli iliyokuwa upande wa nje.

Mama Mihayo alikuwa na akili kali. Wiki ya kwanza alimaliza viwakilishi vyote. Wiki ya pili alikuwa anawasahihisha wenzake. Siku moja nikafundisha "by himself", nikaeleza kwamba maana yake ni kuwa peke yake, bila mtu. Akanyoosha mkono.

"Ripoti imesema hivyo hivyo, Mwalimu. Kwamba chumbani Mihayo alikuwa by himself."

"Ndiyo, mama. Wametumia sawasawa."

"Mihayo haogopi kitu ila kuwa peke yake. Tangu mdogo, akilala mlango usifungwe. Ameoa, ana watoto, na mlango wa chumba chao unabaki wazi, mkewe analalamika kwangu." Akatazama daftari. "Naandika tu, Mwalimu. Endelea."

Sikuweza kuendelea. Niliwapa zoezi la kunakili, nikatoka nje kusimama penye kivuli cha tangi la maji.

Niliporudi nilikuta darasa zima limesimama. Mzee Maganga alikuwa ameshika rula ya mbao ya ubaoni, mikono yake ameipeleka nyuma kana kwamba imefungwa, anajaribu kujipiga mgongoni. Rula ikadondoka. Mama mmoja mnene akaichukua akajaribu, ikamgusa kiunoni tu. Wakapokezana mmoja baada ya mwingine, kimya kimya, watu kumi na tano, na wengine walijaribu mara mbili kwa kudhani wamekosea namna ya kushika. Hakuna aliyefika. Mama Mihayo alikuwa wa mwisho. Hakujaribu. Aliirudisha rula kwenye ubao, akaifuta vumbi na upindo wa kanga yake.

Kwenye kitabu cha masomo nikaandika: mazoezi ya viungo.

*

Mtihani wake wa kwanza hakuwa na kosa la tahajia wala la sarufi. Aliandika, kwa sentensi fupi zilizonyooka, "They tied him. They beat him. They locked him in." Walimfunga, walimpiga, walimfungia.

Tungaraza aliisoma mara tatu.

"Kiingereza kizuri sana," akasema kwa Kiingereza. "Lakini hawa 'they' ni akina nani? Hawamo kwenye ripoti."

Akaandika sifuri, na chini yake akaandika: ana kipaji.

Mtihani wa pili Mama Mihayo aliandika kwamba hajui, kwa sababu hakuwapo. Akapata sifuri tena, maana kutojua hakumo kwenye orodha ya sababu za kifo zinazotambuliwa na serikali. Ilikuwa siku ya themanini na tatu. Wenzake wote aliosoma nao walishafaulu na kuondoka. Mzee Maganga alimchukua binti yake kwa alama tisini na moja, akatuaga akiwa amekunja karatasi yake ndogo sana, akaiingiza ndani ya soksi.

Siku ya themanini na nane nilimkuta Mama Mihayo amewahi, yuko peke yake, kiti cha nyuma, kichwa ukutani. Nikakaa dawati la mbele yake, nikageuka. Miaka yangu yote ya ualimu sikuwahi kumwomba mwanafunzi aandike jibu ambalo si kweli, na siku hiyo nilimwomba.

"Mama, andika tu. Keshokutwa wanampeleka kule kwenye matofali. Karatasi itakaa kwenye jalada, hakuna atakayeisoma. Mtoto utakaa naye."

"Hatutakaa naye, Mwalimu. Tutamzika."

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Wewe una watoto?"

"Wawili."

"Wazima?"

"Wazima, mama."

"Mungu akutunzie." Akafungua daftari. "Sasa nisaidie. Nikiandika hivi, Mihayo huko aliko ataona nimemkana?"

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, sikuajiriwa kujibu maswali ya namna hiyo. Nilisema ataelewa. Nilisema kwa haraka, kama mtu anayetaka kutoka chumbani. Akaniangalia kidogo, kisha akainama akaandika. Alijifunga mikono himself, alijipiga himself, alijifungia himself. Kila alipofika kwenye neno lile alisimama, akavuta pumzi, akaliandika kwa herufi nzuri za duara. Alipomaliza machozi yalikuwa yamedondokea sehemu mbili za ukurasa, akaniuliza kwa kunong'ona kama madoa hupunguza alama.

Alipata mia kwa mia. Tungaraza alitaka karatasi ile itumike kufundishia.

*

Walimwosha Mihayo wazee watatu wa ukoo. Tangu walipotoka, mmoja wao, aliyekuwa na sauti ya kusikika ng'ambo ya mto, hajaongea vizuri hadi leo.

Sheria inataka maelezo yasomwe makaburini na mkaguzi mwenyewe, ili jamii ijifunze. Kwa kuwa jamii haijui Kiingereza, mfiwa hutafsiri. Na kwa kuwa mkaguzi haelewi lugha ya nchi, mwalimu husimama kando na kumthibitishia kwa Kiingereza kwamba tafsiri ni aminifu. Tafsiri isiyo aminifu ni kosa la uchochezi, na mtafsiri huondoka na askari. Huko anakopelekwa hujitendea.

Nilikuwa nimethibitisha tafsiri ishirini na tisa, zote aminifu. Watu walikuwa wakisema alijitendea, wakilia, na mimi nikisema ni sawa.

Tungaraza akasoma ukurasa ule kwa sauti ya kanisani. Nyuma yake, kwenye gari la serikali, askari wawili walikuwa wameegemea mlango wanakula karanga. Watu wa kijiji walikuwa wengi, wamejaa hadi kwenye mahindi. Alipomaliza akamwashiria Mama Mihayo kwa kalamu.

Mama Mihayo akasogea ukingoni mwa kaburi.

"Ndugu zangu," akasema, "mmemsikia bwana huyu. Sasa nawaambia na mimi. Mwanangu aliuliza maji. Walimchukua Jumanne mbele yangu, watu wanne, na mmoja nimemnyonyesha kwa sababu mama yake alikuwa mgonjwa. Walimfunga mikono. Walimpiga mgongoni mara kumi na moja, wazee waliomwosha wamehesabu. Wakamfungia peke yake na mlango wakaufunga, na mnajua alivyokuwa na mlango. Mimi nimeandika kwamba alijiua. Niliandika ili nimpate nimlaze hapa. Mihayo, baba, nasema haya mbele ya watu wote ili ujue sikuamini hata neno moja."

Hakuna aliyelia. Mtoto mchanga alianza, mama yake akamziba na titi. Askari waliacha kutafuna.

Nikamtazama Tungaraza. Kope zake zilikuwa zinacheza, na niliona wazi, kama nilivyokuwa nikimwona utotoni akificha jambo, kwamba amesikia kila neno. Lakini alikuwa ameapa. Mbele yake palikuwa hapajasemwa kitu. Akanigeukia, kalamu juu ya fomu, akaniuliza kwa Kiingereza kama ilivyo desturi: mama amesema nini?

Nimejiuliza mara nyingi nilifikiri nini pale. Ningependa kudai kwamba nilifikiria wajukuu wa Mama Mihayo. Ukweli niliona wale askari wakijifuta mikono kwenye suruali, nikaogopa, nikaogopa kwa ajili yake na kwa ajili yangu kwa pamoja, na siwezi kutenganisha hofu ipi ilikuwa ya nani.

"She says he did it himself, sir," nikasema. Anasema kijana alijitendea mwenyewe, mheshimiwa.

Tungaraza akashusha pumzi ndefu. Akaandika aminifu, akagonga muhuri juu ya goti lake. Askari wakarudi kwenye karanga zao.

Watu wa kijiji hawakuelewa nilichosema. Wengine walinitikisia vichwa kwa shukrani, wakidhani nimewasemea. Ila kulikuwa na mtu mmoja makaburini pale aliyejua Kiingereza kuwapita wote, ambaye nilimfundisha mwenyewe siku ishirini na saba, na alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu, karibu na mwanawe. Niliona mgongo wake ukinyooka. Hakugeuka. Aliinama, akachukua udongo, akautupia kaburini, kisha wakaanza wengine.

Watu walipopanga mstari wa kumpa pole, na mimi nikapanga. Zamu yangu ilipofika nikanyoosha mkono. Mikono yake ilibaki ndani ya kanga.

"Umesema vizuri, Mwalimu," akaniambia, taratibu, ili nisikie mimi tu. "Nimesikiliza. Hukukosea hata neno moja."

Nyuma yangu watu walikuwa wanasubiri zamu, nikasogea. Dereva alikuwa ameshawasha gari, kwa sababu kulikuwa na darasa jipya saa nane mchana, na walioandikishwa safari hii walikuwa arobaini.